Ukinunua cherehani ya ngozi ya mtumba, anza na mguu wake

Ukitaka kujua kama cherehani ya mtumba itashona ngozi au itakumaliza fedha, usianze na jina lililoandikwa ubavuni, wala rangi, wala sifa anazokumwagia muuzaji. Inama, uinue mguu unaobana kazi, utazame ni kitu gani kinachoivuta ngozi kwenda nyuma. Hapo ndipo mashine ya ngozi inapoachana na mashine ya vitenge, na hapo ndipo vijana wengi wanaoanza kazi ya makobazi, mikoba na viti vya magari wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Cherehani ya nyumbani, ile nyeusi ya Singer au ya Butterfly ambayo hakuna mtaa usiokuwa nayo, huvuta kitambaa kwa meno ya chini peke yake. Meno yanapanda, yanasukuma, yanashuka. Mguu wa juu hautembei, kazi yake ni kubana tu. Kwa kitenge hilo linatosha kabisa. Ngozi ina tabia yake: uso wake hung'ang'ania chuma cha mguu, kwa hiyo tabaka la chini linakwenda na meno huku la juu likibaki. Ukifika mwisho wa mkoba unakuta kipande cha juu kimezidi, na hakuna pasi ya kukinyoosha. Kufumua nako hakusaidii, maana tundu la sindano kwenye ngozi halizibi. Mshono ulioharibika unabaki kuonekana mpaka siku mkoba unapotupwa.

Ndiyo maana muuzaji akikwambia "hii ni indasto, ina mota kubwa, inapiga ngozi", jua hajakujibu. Mota kubwa inaweza kuipitisha sindano kwenye ngozi, lakini haiwezi kuzitembeza tabaka mbili kwa mwendo mmoja. Cherehani nyingi za viwanda vya nguo zinazoshuka kwenye makontena zilijengwa kushona shati kwa kasi, stichi elfu nne au tano kwa dakika, na hazina lolote la kufanya na mkanda wa suruali.

Mashine inayofaa kazi nyingi za ngozi ni ile ambayo mguu, sindano na meno vinatembea pamoja. Kuitambua ni rahisi. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, huku ukiitazama sindano. Utaona miguu miwili, wa ndani na wa nje. Mguu wa ndani unashuka pamoja na sindano, vyote vinaingia kazini, kisha vinarudi nyuma sambamba na meno ya chini. Vinapoachia, mguu wa nje unashuka kushikilia ngozi hadi wenzake watakaporudi mbele kuanza upya. Kama sindano inapanda na kushuka tu pasipo kusogea mbele na nyuma, hiyo si mashine ya namna hiyo, hata ikiandikwa nini.

Katika ukoo huu majina ya kuyashika ni machache: Singer 111W155, Juki LU-563, Juki DNU-1541, Consew 206RB, Pfaff 545 na 1245, na Adler 267. Ukikutana na mojawapo ikiwa nzima, umepata mashine ya viti vya magari, mikoba na mikanda ya kawaida. Hatamu, tandiko la farasi au mkanda mzito unaozidi milimita 10 unahitaji mashine za tabaka jingine, kama Juki 441 au Adler 205. Hizo ni ghali hata zikiwa zimechakaa, na fundi anayeanza asijitie deni kwa ajili yake.

Umbo la kitanda nalo lina maana. Kitanda bapa ni cha kazi zinazolala, kama mikanda na kava za viti. Chenye mkono mwembamba uliochomoza huingia ndani ya mkoba. Chenye nguzo iliyosimama ni cha sehemu za juu za kiatu, na mara nyingi mguu wake ni kigurudumu.

Kuna mashine moja inayostahili kuzungumzwa peke yake, kwa sababu ndiyo waliyoikanyaga na kuizungusha mafundi viatu wa vizazi vingi duniani: Singer 29K. Herufi K inasimama badala ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, jirani na Glasgow, Scotland. Kilifunguliwa mwaka 1885 kikafungwa 1980, na mwanzoni mwa karne iliyopita kilikuwa kikitoa mashine zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Kiwanda hakipo tena, lakini kituo cha reli kilichokihudumia kinaitwa Singer hadi leo.

29K haina meno chini. Mguu wenyewe, wenye meno upande wake wa chini, ndio unaoikamata ngozi kutoka juu na kuivuta. Pete iliyo juu ya mguu inakuwezesha kuugeuza upande wowote, duara zima, kwa hiyo unashona kuelekea kulia, kushoto au kurudi ulikotoka bila kukigeuza kiatu. Mkono wake ni mwembamba kiasi cha kuingia ndani ya kiatu cha mtoto. Kuna ya mkono mfupi, karibu inchi 12, na ya mkono mrefu, karibu inchi 18, ambayo hufika hadi kwenye ncha ya buti. Kwa kubandika viraka, kushona zipu iliyong'oka kwenye buti au kurudishia mshono wa mkoba, sijaona iliyoipita.

Lakini isemwe wazi: 29K ni mashine ya kukarabati, si ya kuzalisha. Bobini yake ni ndogo, uzi mnene unaisha upesi, na meno ya mguu huacha alama kwenye ngozi laini. Anayetaka kutoa mikoba kwa wingi akinunua 29K kwa sababu ameiona kwa fundi viatu atajuta. Na ile mashine ya Kichina ya chuma cha kusubu, ya kuzungusha kwa mkono, inayouzwa mpya kwa bei ndogo, inafuata wazo hilohilo la mguu unaogeuka. Kwa fundi asiye na umeme ni msaada wa kweli, ila vyuma vyake huja na makwaruzo. Kabla hajaanza kazi inabidi apige msasa laini kila sehemu uzi unapopita, la sivyo utakuwa unakatika kila hatua.

Sasa namba. Kwenye Singer za zamani kuna namba mbili, na watu huzichanganya. Namba ndefu iliyogongwa kwenye chuma ni ya utambulisho wa mashine hiyo moja, na inakueleza ilitengenezwa wapi na lini. Tangu mwaka 1900 namba hizo zilianza kutanguliwa na herufi. Ikianza na F au Y, au na herufi mbili ambazo ya kwanza ni E, kwa mfano EE au EJ, mashine ilitoka Clydebank. Ikianza na W, ilitoka kiwanda cha Bridgeport, Connecticut, nchini Marekani. Namba ya pili ni ya aina ya mashine, kwa mfano 29K51 au 111W155, na huwa kwenye kibati kidogo kilichopigwa ripiti. Hiyo ndiyo itakayokuwezesha kupata sindano, bobini na spea sahihi. Mashine iliyopakwa rangi mpya mpaka kibati kikafunikwa, au ambayo kibati kimeng'olewa na kubaki matundu mawili ya ripiti, ishuke bei papo hapo. Huenda ni nzima, lakini kazi ya kuitambua umebebeshwa wewe.

Aina ya sindano ni kitu cha kuuliza kabla ya kutoa hata senti. Kila mashine ina mfumo wake wa sindano, na sindano hazibadilishani kiholela. 29K hutumia 29x3 kwa ngozi na 29x4 kwa turubai na nguo. Singer 111W155, Juki na Consew nilizozitaja hutumia 135x16 yenye ncha ya kukata ngozi, au 135x17 yenye ncha ya mviringo. Pfaff 545 na Adler 267 hutumia 134-35. Sindano ya 135x17 na ya 134-35 ukizishika mkononi utaziona kama pacha, lakini urefu haulingani, na fundi aliyeweka moja mahali pa nyingine ndiye anayelalamika kwamba mashine inaruka stichi. Pita kwanza kwenye maduka ya vifaa vya cherehani uulize ni mfumo gani wanao rafu nzima. Mashine bora duniani ambayo sindano yake inaagizwa nje kwa wiki tatu itakulaza njaa.

Ukienda kuitazama mashine, nenda na vitu vyako: sindano mpya, uzi utakaotumia kazini, na mapande ya ngozi unayoshona wewe. Muuzaji ana kipande chake laini ambacho mashine imekizoea. Kwanza ondoa mkanda wa mota na uzungushe gurudumu kwa mkono. Likiwa zito mzunguko mzima, mafuta yameganda ndani, jambo linalotibika. Likiwa jepesi kisha likagoma mahali palepale kila mara, kuna chuma kinachogusa chuma, au kutu, au kipande cha sindano iliyovunjika kimenasa. Hilo lisipoelezeka usilipe.

Halafu shika fito ya sindano kwa vidole viwili uitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kwenye mashine za mguu unaotembea kutakuwa na mchezo kidogo sana, ila ukiona sindano inayumba mpaka inagusa ukingo wa tundu, bushi zimeliwa. Kwa 29K kipimo cha uchakavu ni urefu wa stichi. Weka kirekebishi mwisho kabisa, ushone inchi moja, uhesabu. Mashine nzima hutoa stichi kama 5 kwa inchi. Ikishindwa kurefuka na kutoa 8 au 9 tu, vyuma vinavyosukuma mguu vimelika, na kuvijaza na kuvichonga upya ni kazi ya karakana ya mashine, si ya fundi wa mtaani.

Washa tochi ya simu umulike ndoano inayozunguka chini, ile inayolichukua tanzi la uzi kutoka kwenye sindano. Ncha yake iwe kali na laini. Pitisha ukucha: ukikwama, uzi nao utakwama. Tazama tundu la bamba la sindano kama limetafunwa, na springi ya kesi ya bobini kama uzi umeichimbia mfereji. Tazama hata vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeparurwa vyote, mashine imepitia mikono mingi iliyokuwa ikibahatisha.

Kuna hitilafu moja ambayo ukiijua unaweza kuokoa fedha nyingi. Juki LU-563 na ndugu zake wengi wana klachi ya usalama inayoilinda ndoano. Uzi ukisokotana vibaya chini, klachi inajiachia ili ndoano isivunjike. Tangu hapo gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, ndoano imelala. Muuzaji asiyejua ataiita mbovu na kuiuza kama chuma chakavu. Kwenye kitanda cha mashine kuna kitufe kidogo: safisha uzi ulionasa, bonyeza kitufe, zungusha gurudumu kwa nguvu mpaka usikie klachi imejifunga. Mashine imerudi.

Umeme usikutishe, lakini usiupuuze. Mashine kutoka Ulaya mara nyingi huja na mota ya njia tatu ya volti 400, za Japani hutumia volti 100 au njia tatu ya volti 200, na za Marekani volti 110. Sisi majumbani tuna njia moja ya volti 230. Thamani iko kwenye kichwa cha mashine, hivyo mota isiyooana na umeme wako ni sababu ya kushusha bei. Mota ya zamani ya klachi huzunguka muda wote hata usiposhona, takriban mizunguko 2,850 kwa dakika. Puli ya milimita 45 ikivuta gurudumu la milimita 90, unapata stichi 1,425 kwa dakika, mwendo usiomruhusu anayejifunza kupinda kona ya mkoba. Nunua mota ya servo. Inazunguka pale tu unapokanyaga, kasi yake unaipanga mwenyewe, haina kelele na hupunguza bili. Katika vyote unavyoweza kuiongezea mashine ya mtumba, hicho ndicho ningekitanguliza.

Mashine ikishafika kwenye karakana, itengee siku nzima ya kuisafisha kabla hujashona chochote. Sehemu kubwa ya mashine zinazoitwa mbovu zimeugua mafuta mabaya. Mafuta ya kupikia yakikaa ndani ya chuma huganda yakawa gundi ya kahawia. Oili ya injini ni nzito na chafu. Grisi haifiki ndani ya matundu membamba. Gundi hiyo ilainishe kwa mafuta ya taa, dondosha kwenye kila ungio, zungusha kwa mkono, acha, rudia. Ikigoma, ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele huku ukizungusha. Ila mafuta ya taa huondoa kila utelezi, yakikauka yanaacha chuma kikavu, kwa hiyo siku hiyohiyo weka mafuta meupe ya cherehani kila mahali. Mashine nyingi za Juki zina alama nyekundu kwenye matundu ya mafuta. Kwa mashine inayofanya kazi kutwa, tone moja au mawili kila asubuhi, na tone kwenye njia ya ndoano, yanatosha. Baada ya hapo shona kwenye kipande cha takataka hadi kiache kutoka na doa, ndipo uiguse ngozi ya mteja.

Uzi na sindano viende pamoja. Namba ya sindano ya kipimo cha milimita ni unene wake: 140 ni milimita 1.4. Kwa nailoni ya kushonea ngozi, uzi wa Tex 70 unataka sindano ya 110, Tex 90 unataka 120, Tex 135 unataka 140 hadi 160, na Tex 210 unataka 180 au 200. Baadhi ya koni zimeandikwa kwa hesabu inayokwenda kinyume: namba 40 ni sawa na Tex 70 na namba 20 ni Tex 135, yaani namba ikipungua uzi unanenepa. Fundi akisoma 20 akadhani ni uzi mwembamba, sindano itauchana.

Na stichi zikiruka, tafadhali usikimbilie kufungua skrubu za ndoano. Hapa ndipo mashine nyingi nzima zinapoharibiwa. Angalia kinachotokea: sindano inashuka mpaka chini kabisa, kisha inapanda kidogo, kama milimita 2.4. Katika kupanda huko uzi unabaki nyuma ukiwa umeshikwa na ngozi, unatuna, unafanya tanzi juu kidogo ya jicho la sindano, na ncha ya ndoano inapita na kulichukua. Ngozi nene huikamata sindano. Mguu usipobana vya kutosha, ngozi inanyanyuka pamoja na sindano, uzi haubaki nyuma, tanzi halitokei, ndoano inapita patupu. Taimingi haina kosa lolote. Kwa hiyo mpangilio wa kutafuta ni huu: badilisha sindano kwanza, hakikisha imeingia mpaka juu na kibonyeo chake kinaielekea ndoano, kisha ongeza mgandamizo wa mguu, kisha kagua uzi. Yote yakishindikana ndipo umwite anayejua kuseti taimingi, na asimame uone anachokifungua.

Mshono ukionyesha mafundo juu, uzi wa juu umekazwa mno. Yakionekana chini, umelegea. Fundo linatakiwa lijifiche katikati ya ngozi. Rekebisha juu kwanza, kesi ya bobini iguswe mwisho, robo mzunguko kwa robo.

Wito wangu wa mwisho ni kwa wanaoingiza na kuuza mashine hizi. Acheni kuzipaka rangi juu ya namba na vibati. Mnunuzi anayejua mfano wa mashine yake atarudi kwenu kununua sindano, bobini na mkanda kwa miaka. Nawe mnunuzi, muuzaji akikataa usiijaribu kwa ngozi yako na uzi wako, ondoka. Makontena hayajaisha bandarini.